Kati ya Muhali na Hakika

Njooni karibu, wanangu. Leo nina vimbunga viwili, sarafu ya shilingi mia mbili, na kisa cha mtu aliyefungwa kambini wakati wa vita. Nianze na vimbunga.

Cha kwanza kiliitwa Jobo. Ilikuwa Aprili 2021. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza kwamba kuna kimbunga baharini, kinaelekea pwani yetu, na watu wachukue tahadhari. Redio zikarudia habari hiyo asubuhi na jioni. Watu wakangoja. Jobo kikazidi kupungua nguvu kadiri kilivyosogea, na kilipofika karibu na nchi kavu hakikuwa tena kimbunga cha kutisha. Wapo waliocheka, wakasema wametishwa bure.

Cha pili kiliitwa Hidaya. Mei 2024 tangazo likatoka tena, na safari hii maji yalizidi unga. Tarehe 4 Mei Hidaya kiliipiga Mafia. Mvua zikafurika kusini, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika, abiria wakakwama njiani.

Sasa niambieni. Je, watabiri walikosea mara ya kwanza, wakapatia mara ya pili?

Najua wengi mtajibu ndiyo. Mimi nasema swali hilo halijakaa sawa. Kwa nini? Siwezi kulijibu mpaka kwanza tujifunze kusema jambo lina uwezekano wa kutokea kiasi gani. Wengi wetu tunamaliza shule tukijua kusema maneno mawili tu, "litatokea" na "halitatokea", na katikati tunatupia "labda" moja inayobeba kila kitu. Naona ni hasara kubwa, maana karibu mambo yote tunayoyaamulia maishani yamo humo katikati.

Ipo njia ya kulifundisha jambo hili darasani ambayo naipenda kuliko zote, na haina gharama. Unachukua kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Kamba inafungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mwisho wa kushoto unatundikwa karatasi iliyoandikwa MUHALI, na mwisho wa kulia HAKIKA. Muhali ni lile lisiloweza kutokea abadani, kama kurusha dadu moja ya ludo ukapata saba. Hakika ni lile lisiloweza kukosa, kama kurusha dadu hiyo hiyo ukapata namba iliyo chini ya saba. Katikati kabisa ya kamba ni NUSU KWA NUSU. Ukitoka hapo kuelekea kushoto unakutana na "haielekei", kisha "nadra". Ukielekea kulia unakutana na "yaelekea", kisha "aghalabu".

Halafu kila mwanafunzi anapewa karatasi yenye sentensi, naye aitundike kwa kibanio mahali anapoona inastahili. Wenzake wana ruhusa ya kubisha, na akibishiwa sharti atoe sababu. Hapo ndipo somo linapochemka.

Chukueni sentensi hii: "Kesho mvua itanyesha." Mmoja ataitundika katikati. Mwingine atamwuliza: kesho ya mwezi gani, na ya wapi? Kama ni Dodoma mwezi wa Julai, kibanio kiende kushoto kabisa, kiguse karibu na muhali, kwa sababu Dodoma wakati huo ni kiangazi kikavu. Kama ni Bukoba mwezi wa Aprili, kiende kulia, kwa sababu Aprili Bukoba hunyesha siku nyingi kuliko zile zisizonyesha. Sentensi ni ile ile. Kilichohamisha kibanio ni tulichokijua kuhusu mahali na majira. Kwa hiyo mtu akikuuliza uwezekano wa jambo, una haki ya kumwuliza kwanza: wapi, lini, na tunajua nini mpaka sasa?

Atatokea mwingine, kila darasa lina mmoja, atakayesema: "Mwalimu, kila jambo ni nusu kwa nusu. Ama litatokea, ama halitatokea." Msimcheke. Watu wazima wenye vyeo husema hivyo hivyo. Mpeni sentensi hii aitundike: "Leo simba ataingia darasani kwetu." Ama ataingia, ama hataingia. Je, ni nusu kwa nusu? Mbona basi mlango uko wazi na sote tumekaa tumetulia? Njia ziko mbili, ni kweli, lakini njia kuwa mbili hakuzifanyi ziwe sawa. (Kama shule yenu iko kandokando ya mbuga, sogezeni kibanio kidogo.)

Wanahisabati hawakuridhika na maneno peke yake. Pale penye muhali wakaandika 0, pale penye hakika wakaandika 1, na katikati nusu. Sita ya dadu ya ludo, ile mnayoililia ili kete itoke nyumbani, iko kwenye 1/6, kwa sababu dadu ina nyuso sita zenye nafasi sawa na sita imeandikwa kwenye uso mmoja tu. Shikeni maneno hayo, "zenye nafasi sawa". Yamewaponyoka hata magwiji.

Mmoja wao alikuwa Mfaransa, Jean le Rond d'Alembert, msomi mkubwa wa karne ya 18. Mwaka 1754 aliandika, katika ensaiklopidia aliyokuwa mhariri wake, kuhusu mchezo wa kurusha sarafu mara mbili. Ukipata kichwa walau mara moja, umeshinda. Uwezekano wa kushinda ni kiasi gani?

D'Alembert aliwaza hivi. Kichwa kikitoka mara ya kwanza, mchezo umekwisha, nimeshinda. Kisipotoka, narusha tena, na hapo ama nitapata kichwa nishinde, ama nitakikosa nishindwe. Mambo yanayoweza kutokea ni matatu, na mawili kati yake ni ushindi. Basi uwezekano ni 2/3.

Inasikika vizuri, sivyo? Sasa toeni shilingi mia mbili. Upande mmoja una kichwa cha Mzee Karume, upande wa pili kuna simba. Tuandike kila kinachoweza kutoka kwa mirusho miwili, bila kuacha kitu. Kichwa, kisha kichwa. Kichwa, kisha simba. Simba, kisha kichwa. Simba, kisha simba. Ni njia nne, na hakuna hata moja yenye sababu ya kutoka kuliko nyingine. Njia tatu zina kichwa ndani yake. Uwezekano ni 3/4.

D'Alembert aliteleza wapi? Alizihesabu njia tatu kana kwamba zina uzito mmoja, kumbe ile ya kwanza, "kichwa kikitoka mara ya kwanza", imebeba njia mbili ndani yake. Nawaeleza kisa hiki kwa makusudi. Watoto wengi huamini kwamba hesabu ni ya watu wasiokosea. D'Alembert alikosea jambo ambalo mtoto wa darasa la sita anaweza kulisahihisha kwa kalamu na mistari minne, na bado akabaki mwanahisabati hodari. Dawa yake ni ya wazi: andikeni kila njia, moja moja, halafu mjiulize kama zina nafasi sawa.

"Lakini tutajuaje nani ana haki, sisi au yeye?" Vizuri, mmeuliza. Turushe tuone. Ila angalieni. Darasa likiwa na wanafunzi 40 na kila mmoja akirusha mara mbili, sisi tunatarajia washindi 30 hivi, na d'Alembert anatarajia 27 hivi. Tofauti ni watu watatu tu. Bahati ya siku moja inaweza kuumeza ushahidi wote. Wakirusha wanafunzi 800 wa shule nzima, sisi tunatarajia washindi karibu 600, yeye karibu 533. Hapo hakuna wa kubisha. Machache hudanganya, mengi husema.

Mtu aliyelijua hilo kwa mikono yake mwenyewe aliitwa John Kerrich. Alikuwa akifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Aprili 1940 alikuwa Copenhagen kuwatembelea wakwe zake, na mwezi huo huo majeshi ya Ujerumani yakaivamia Denmark. Kerrich alikuwa raia wa Uingereza, taifa lililokuwa vitani na Ujerumani, basi akakamatwa na kuwekwa kambini, katika rasi ya Jutland. Alikaa huko mpaka vita vilipokwisha.

Fikirini siku za kambini zilivyo ndefu. Hakuna chuo, hakuna wanafunzi, hakuna kwenda nyumbani. Kerrich akachukua sarafu akaanza kuirusha juu ya meza, na mfungwa mwenzake akamsaidia. Kila mrusho ukaandikwa. Hawakuchoka mpaka ilipotimia mirusho 10,000.

Mirusho 10 ya kwanza ilitoa vichwa 4. Ilipofika 100, vichwa vilikuwa 44. Angekuwa mtu wa haraka angesema sarafu hii ina kasoro, au kwamba kwa kuwa vichwa vimepungukiwa sita, sasa vina deni na lazima vitoke kwa wingi kulilipa. Akaendelea. Ilipofika 1,000, vichwa vilikuwa 502. Ilipofika 10,000, vilikuwa 5,067.

Ziangalieni vizuri namba hizo, maana zina siri ambayo vitabu vingi huipita haraka. Kwenye mirusho 100, vichwa vilipungua 6 kutoka nusu. Kwenye 10,000, vilizidi 67. Kwa hiyo ukihesabu vichwa vyenyewe, umbali kutoka nusu kamili uliongezeka! Sarafu haikulipa deni lolote. Lakini 6 katika 100 ni kitu kikubwa, na 67 katika 10,000 hakifiki hata 1 katika 100. Kasoro za mwanzo hazikufutwa. Zilizama tu ndani ya wingi wa mirusho iliyofuata.

Sarafu haina kumbukumbu, wanangu. Haijui ilichotoa jana, wala haimwonei huruma aliyekosa. Nyumba ikijaliwa mabinti wanne mfululizo, majirani husema, "Safari hii lazima awe wa kiume." Lazima imetoka wapi? Mtoto wa tano haji na orodha ya dada zake mkononi. Duniani wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, basi kibanio cha mtoto yeyote anayesubiriwa kikae karibu na nusu, awe wa kwanza, awe wa tano. Na yule mama asilaumiwe kwa jambo ambalo halimo mikononi mwake.

Kwenye ludo ni vivyo hivyo. Mtoto amerusha dadu raundi sita bila kupata sita, basi analia kwamba dadu imerogwa. Hebu tuhesabu. Kukosa sita kwa mrusho mmoja ni 5/6. Kukosa mara sita mfululizo ni 5/6 ikizidishwa yenyewe mara sita, yaani njia 15,625 kati ya 46,656, karibu theluthi moja. Wakicheza watoto watatu, msishangae mmoja wao akipita raundi zote sita mikono mitupu. Wala raundi ya saba haiidai dadu chochote.

Sasa tunaweza kurudi kwa Jobo na Hidaya.

Mtabiri wa hali ya hewa hafanyi kazi ya mganga. Anaangalia picha za setilaiti, joto la bahari na mwendo wa upepo, kisha anatundika kibanio chake kwenye kamba. Akisema mvua ina uwezekano wa 7 kati ya 10, hakuahidi mvua. Amesema kwamba siku zinazofanana na kesho zikikusanywa kumi, saba hivi zitakuwa na mvua na tatu hivi zitapita kavu. Kesho ikipita kavu, huenda ni moja ya zile tatu. Ili kumpima mtabiri inabidi kukusanya siku nyingi alizosema "7 kati ya 10" na kuona kama kweli saba katika kila kumi zilinyesha. Kerrich asingeihukumu sarafu yake kwa mrusho mmoja, na sisi tusimhukumu mtabiri kwa Jobo peke yake. Ndiyo sababu taarifa za msimu hutumia maneno kama "mvua za masika zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani". Wanaosema hivyo hawakwepi. Wanasema kile wanachokijua, na kukisema bila kukizidisha ni uaminifu.

Kuna jambo la pili, na mvuvi analijua kuliko profesa. Kuvuta ngalawa juu ya mchanga na kukaa nyumbani kunamgharimu kitoweo na mapato ya siku moja au mbili. Kutoka baharini kimbunga kikamkuta kunaweza kumgharimu ngalawa, nyavu na roho yake. Kwa hasara kubwa kiasi hicho, hahitaji kibanio kifike kwenye nusu ndipo achukue hatua. Hata 1 kati ya 10 inatosha kumweka pwani. Waliojiandaa kwa Jobo walifanya sawa, ingawa Jobo kilififia.

Na asiwadanganye mtu kwamba nadra ni muhali. Vimbunga vikali kufika pwani yetu ni nadra kweli. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuharibu meli za Sultan Barghash bandarini. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mtu anaweza kuishi miaka sabini asikione hata kimoja, na mjukuu wake akakiona. Kibanio cha nadra kinakaa karibu na mwisho wa kamba, lakini kati yake na muhali pana nafasi, na ndani ya nafasi hiyo wamekufa watu.

Baadhi yenu mtauliza kama ni vyema kuyahesabu mambo ambayo Mungu ndiye ayajuaye. Nahodha wa jahazi husema inshallah, halafu huutazama upepo, hulikagua tanga na kuhesabu siku za kusi. Sijaona akigombana na imani yake kwa kufanya hivyo.

Liko jambo la mwisho. Linaniumiza, nami sitaki kulipita kimya. Mitaani kwetu vijana wadogo wanacheza kamari kwenye simu za kaka zao. Sheria inasema chini ya miaka 18 hairuhusiwi, nanyi mnajua kinachoendelea. Wanaandika mkeka wa mechi kumi, yaani dau moja linalohitaji timu zote kumi zishinde, wanachagua timu kubwa tupu, wanaona kila mechi "ni ya uhakika". Tuseme kila timu waliyoichagua ina uwezekano mzuri sana wa kushinda, 7 kati ya 10. Wapeni mikeka 100 ya namna hiyo na muifuatilie. Baada ya mechi ya kwanza, 70 hivi bado ni mizima. Mechi ya pili inaacha saba katika kila kumi ya hiyo 70, yaani 49. Mechi mbili tu, na tayari mko chini ya nusu. Ya tatu inaacha 34. Ya tano inaacha 17. Ya kumi ikimalizika, katika mikeka 100 haifiki hata mitatu iliyosalimika. Kijana atakwambia, "Timu moja tu imenichania mkeka!" Ndivyo anavyoona, kwa sababu kila safari ni timu moja tu. Kila mechi kwenye mkeka wake ilikuwa kulia kwa kamba, na mkeka mzima ulikuwa kushoto, karibu na nadra, tangu dakika aliyouandika. Mwenye kampuni anaijua hesabu hiyo vizuri sana. Nataka na ninyi muijue.

Basi, kazi yenu ya wiki hii ni ndogo. Okoteni kizibo cha soda, mkisafishe. Kikirushwa, kinaweza kuanguka kifudifudi, au kikalala chali na meno yake juu. Sarafu ina pande mbili zinazolingana. Kizibo hakina, na hakuna kitabu kitakachowaambia jibu lake. Kerrich naye, kule kambini, alikuwa na kidude cha mviringo cha mbao kilichopakwa risasi upande mmoja. Alikirusha mara 1,000, na upande mmoja ukatoka mara 679.

Kabla hamjarusha, kila mmoja aandike jina lake kwenye karatasi na aitundike kwenye kamba pale anapodhani kibanio cha kulala chali kitakaa. Kisha mwende wawili wawili, mmoja arushe juu ya sakafu, mwenzake aandike vistari vitano vitano. Mrushe mara 100. Mjumlishe na ya wenzenu, muone namba ya darasa zima inaangukia wapi, na kila mmoja asogeze kibanio chake. Halafu tafuteni kizibo kingine, kile kilichopindwa na opena, mkirushe hicho nacho mara 100.